Waziri wa Mambo Yajayo

Niliapishwa saa nne asubuhi, na ilipofika saa saba mchana wa siku hiyo hiyo nilikuwa nimeshatumikia miaka kumi na saba. Usinikodolee macho. Utasema mzee huyu amechanganyikiwa, na mimi sitakubishia, maana kubishana nimebishana vya kutosha Bungeni. Nakueleza tu mambo yalivyo katika nchi yetu: ndani ya gari lenye bendera wakati hauendi. Unaingia na nywele nyeusi, mlango unafungwa taratibu, kiyoyozi kinakupuliza usoni. Halafu dereva anakufungulia ushuke ukahutubie, na hapo ndipo unaposikia magoti yanalia. Huko nje miaka imekwenda. Wasichana waliokuimbia juzi wamebeba watoto mgongoni, na wimbo ni ule ule.

Wizara yangu iliitwa Wizara ya Mambo Yajayo. Niliwahi kuongoza na nyingine, ya Mvua, ya Subira, ya Barabara Zinazopinda, lakini zote zilikuwa na meza moja na mhudumu mmoja aliyeniletea chai ya tangawizi hata nilipomwambia tangawizi inanichoma. Kwa hiyo sioni haja ya kuzitenganisha. Kazi yangu ilikuwa kuweka mawe ya msingi. Hapa itajengwa hospitali: naweka jiwe. Hapa itajengwa shule: naweka jiwe, navuta pazia, napigiwa makofi, nakula pilau. Na kwa kuwa jambo lijalo halijafika bado, nani ataweza kusema limeharibika? Wenzangu wa Kilimo walisemwa kwa njaa, wa Maji walisemwa kwa kiu. Mimi nilisifiwa tu.

Sasa sikiliza siri ambayo hata Jumba Kuu walijifanya hawaijui. Jiwe lilikuwa moja. Moja tu, nchi nzima! Marumaru nyeusi, upana wa sinia, herufi za rangi ya dhahabu: JIWE HILI LA MSINGI LIMEWEKWA NA MHESHIMIWA MIHAYO KAPALATA, WAZIRI. Chini yake palikuwa na nafasi tupu ya jina la mahali, na dereva wangu Chilongani ndiye aliyeijaza kwa chaki. Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Fundi wa kuchonga alichelewa, tukatumia jiwe la sherehe ya jana yake. Mara ya pili tukasema ya nini kumsumbua fundi wa watu. Mara ya tatu ukawa utaratibu, na utaratibu ukishaitwa utaratibu hauna baba wala mama, huwezi kumkamata mtu ukamwambia wewe ndiye uliyeuzaa. Wageni wakishaondoka, Chilongani alilichomoa, akafuta chaki kwa kiwiko cha shati, akalifunga ndani ya pazia lake la kijani na kulitia kwenye buti la gari. Kijijini kilibaki kitundu cha mraba, matofali manne, na watu wanaongoja.

Niliwahi kumuuliza Chilongani kama dhamiri yake haimsumbui. Ni mtu wa maneno machache, mwembamba, mwenye tabia ya kutafuna kijiti cha kiberiti. Akasema, "Mheshimiwa, mimi nabeba tu. Dhamiri ni ya aliyeandikwa jina."

Aliyeandikwa jina! Ndipo swali langu lilipoanzia, swali ambalo sijapata wa kunijibu. Je, mtu ndiye anayekishika cheo, au cheo ndicho kinachomshika mtu? Mimi nilipokuwa Waziri, nani alikuwa mimi? Maana asubuhi nilijitazama kwenye kioo nikaona tai. Juu ya tai palikuwa na kitu, ndiyo, kinanyolewa ndevu, kinapakwa mafuta, lakini nani? Watu walisimama nilipoingia. Walisimama kwa ajili ya nani? Siku moja nilituma koti langu likatangulie kwenye kiti ukumbini wakati mimi niko msalani, na nilipotoka nikakuta wamesimama tayari. Nilicheka. Jioni yake nilishindwa kula. Ukubwa jalala, walisema wahenga, na mimi nililipenda sana neno hilo, nililitia katika kila hotuba kujionyesha nimechoka kuwatumikia. Mnafiki mkubwa.

Walibaki watu wawili tu duniani walioniita Mihayo. Wa kwanza ni mama yangu. Wa pili ni mdogo wangu Nyamizi, tuliyenyonya ziwa moja. Tulipokuwa wadogo nilichunga mbuzi ng'ambo ya bonde, na chakula kikiiva Nyamizi alipanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, akaita, "Mihayooo!" nami nikaitika, "Naaam!" Hakushuka pale kichuguuni mpaka asikie nimeitika. Ugali ulipoa, mama aligomba, yeye kasimama tu. "Hajaitika bado," alisema.

Mama alinitembelea mara moja katika nyumba ya serikali. Alikuja na kuku wawili na karanga za kukaanga. Sebuleni nilikuwa na mabalozi. Akaingia, akafungua mikono, akasema kwa sauti ya shambani, "Mihayo, mbona umekonda hivi?" Mabalozi walitabasamu. Nami, Mungu anisamehe, nilimvuta pembeni nikamnong'oneza, "Mama, mbele za watu sema Mheshimiwa." Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. Alinitazama kwa makini, kama ananitafuta, akasema, "Haya, baba. Sikujua." Aliondoka kesho yake asubuhi. Kuku aliwaacha.

Basi. Tufike kwenye ile siku.

Tulikuwa njiani kwenda kwetu, Chilongani na mimi. Hatimaye zamu ya kijiji changu ilikuwa imefika: nilikwenda kuweka jiwe la hospitali, na kwa chaki Chilongani alikuwa ameshaandika jina la pale nilipozaliwa. Mama hakunipigia mimi, maana simu yangu ilipokelewa na katibu muhtasi, naye kila mara alimwambia bibi aandike barua. Alimpigia Chilongani, na Chilongani akanipa simu bila kugeuka.

"Mihayo," alisema mama. Sauti ilikuwa imekauka. "Uko wapi?"

"Njiani, mama. Nakuja na jiwe."

"Jiwe liache. Njoo na gari. Nyamizi ana uchungu tangu alfajiri, na mtoto amekaa vibaya. Mhoja amempakia kwenye baiskeli mpaka njia panda. Wako hapo wanakungoja."

Mhoja ni mume wa Nyamizi, fundi baiskeli, mtu mpole. Walikuwa wamezika mimba mbili. Hii ya tatu Nyamizi alikuwa ameipata ana miaka arobaini na tatu, na alikuwa akiilinda sana, hata ndoo ya maji hakujitwika.

"Kwani zahanati si ipo, mama? Ile ya zamani?"

Nilisikia jogoo akiwika upande ule wa simu.

"Tuliivunja juma lililopita. Watu wako walikuja kukagua, wakasema Mheshimiwa hawezi kuweka jiwe jipya penye ukuta mkuukuu, kiwanja kiwe safi. Tukasema ni mtoto wetu huyu, tusimwaibishe. Tumebomoa wenyewe, kwa majembe, wanawake kwa wanaume. Tumefagia. Hapana hata jani." Kisha akasema tena, "Mihayo, njoo na gari."

Hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuniita jina langu.

Sijamaliza kumrudishia Chilongani simu, ile yangu ya pili, ya wakubwa tu, ikalia. Alikuwa rafiki yangu wa Jumba Kuu, anayejua habari kabla hazijatokea. "Uko wapi wewe?" akaniuliza kwa mnong'ono. "Mkeka wa mawaziri, orodha mpya, unatoka saa saba. Wenzako wote wamesimama ukumbini."

Lazima nikueleze kuhusu ukumbi ule. Jumba Kuu lina ukumbi mrefu wenye zulia jekundu, na siku baraza linaposukwa upya mawaziri husimama humo pande mbili, kimya, wakingoja Mkubwa apite. Hasemi na mtu. Anapita tu, anatazama. Aliyeonekana hubaki, asiyeonekana hutoka. Nimewaona watu wazima wamesimama pale na homa, mmoja na msiba wa mkewe mbichi, mwingine na mguu katika plasta, akiuficha nyuma ya mwenzake. Hatukuona ajabu. Asiyeonekana hatajwi, tuliambiana, na tulicheka.

"Geuza gari," nikamwambia Chilongani.

Alipunguza mwendo, lakini hakugeuza. "Njia panda ni nusu saa kutoka hapa, Mheshimiwa. Tumchukue dada kwanza."

"Geuza, nakwambia! Nikilipoteza gari nitamchukulia na nini?"

Itazame hoja hiyo vizuri. Nimeigeuza na kuigeuza, na mpaka leo naiona haina ufa. Ili nimwokoe nilihitaji gari. Ili niwe na gari nilihitaji kubaki Waziri. Ili nibaki Waziri nilihitaji kuonekana. Kila hatua ni sahihi, na ukizifuata zote unajikuta unakwenda upande ambao dada yako hayupo. Chilongani alikitoa kijiti mdomoni, akakitupa nje, akageuza.

Barabara ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Tulipita vijiji vyangu vyote, hata vile visivyokuwa kwenye njia hiyo. Kila kijiji kilikuwa kimesimama kandokando ya kitundu chake. Walikuwa wamezeeka. Mwanamke mmoja alikuwa bado ameshika sinia lenye mkasi wa kukatia utepe, na mkasi umeota kutu. Mwalimu mmoja alikuwa bado ameinua mkono kuongoza kwaya, na mkono umekauka vile vile juu. Waliponiona waliimba. Karibu Mheshimiwa, karibu kwetu. Niliwapungia kutoka nyuma ya kioo, si kwa kuwapenda, mkono wenyewe ulijipungia, ulikuwa umezoea. Nikamwambia Chilongani aongeze mwendo. Akaongeza. Vijiji navyo vikaongezeka.

Saa saba ikatukuta hapo. Redio ikapiga ngoma yake ya taarifa ya habari, kisha yule mtangazaji mwenye sauti ya shangazi anayekuamsha kwa upole: "...uteuzi wa Mheshimiwa Mihayo Kapalata umetenguliwa kuanzia leo. Atapangiwa kazi nyingine." Halafu akaendelea na habari za michezo.

Atapangiwa kazi nyingine! Nani? Na anayepanga ni nani? Na huyo aliyetenguliwa, alikuwa nani kabla hajafungwa lile fundo la cheo? Nilishika uso wangu. Ulikuwepo. Nilijaribu kutamka jina langu kwa sauti, nikaona aibu, nikanyamaza. Huko nje wimbo ulikatika katikati. Mwanamke wa mkasi aliinama akachungulia kwenye kioo, akatazama kiti nilichokalia, akamwambia mwenzake, "Hamna mtu." Na sikukasirika, bwana. Niliogopa.

Chilongani alisimamisha gari kando ya barabara. Akashuka, akaenda mbele, akaichomoa bendera, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Nikajua sasa nami nitaambiwa nishuke. Badala yake alirudi kwenye usukani akakaa kidogo bila kuwasha.

"Mzee," akasema. Si Mheshimiwa tena. "Gari hili sasa si lako. Na huyo atakayechukua nafasi yako hajaapishwa, kwa hiyo si lake pia. Saa hii halina mwenyewe. Twende tukamchukue dada."

Akageuza, na sijawahi kumwona mtu akiendesha namna ile. Mimi nyuma nilikuwa nalia. Nikisema nalia, nalia kwelikweli, kamasi na vyote, mtu wa miaka hamsini na moja. Maana nilikuwa nimelielewa jambo. Gari lile liliweza kumbeba mgonjwa. Lilikuwa na magurudumu manne na tangi lililojaa, tangu asubuhi, tangu miaka kumi na saba. Lilishindwa wakati mmoja tu, nao ni wakati lilipokuwa langu.

Lakini bendera ilikuwa imetoka, na wakati wote uliokuwa umezuiliwa mlangoni ukaingia kwa pamoja. Nilitazama mashamba. Mahindi yaliyokuwa ya magotini yakafika kiunoni. Mvua ikanyesha, ikakatika, ikanyesha. Mahindi yakatoa mbelewele. "Chilongani!" nikapiga kelele. "Kimbiza!" Akasema, "Nakimbiza, mzee. Ni yenyewe yanayokimbia."

Njia panda palikuwa na mama mmoja anayechoma mihogo. Chilongani akateremsha kioo, akamwuliza kama amemwona mwanamke mjamzito na mwanamume mwenye baiskeli.

"Nyamizi?" akasema yule mama. Aligeuza muhogo kwanza. "Leo si ndiyo arobaini yake? Watu wote wako huko." Akatuonyesha njia, njia ambayo mimi nilizaliwa nayo. "Tulitaka tumpakie kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tumkimbize hospitali ya misheni. Ng'ombe tulikuwa tumeshawafunga. Akakataa. Alisema kaka yangu anakuja na gari, msiwachoshe ng'ombe wa watu."

Sikumbuki tulivyofika nyumbani. Nakumbuka moshi, masufuria makubwa, wanawake wamekaa kwenye mikeka. Nakumbuka kiwanja. Lo, kilikuwa kisafi kama walivyoahidi! Pembeni mwake, pale lilipokuwa dirisha la kuchukulia dawa, palikuwa na kaburi lenye msalaba wa mti, na jina limeandikwa kwa msumari wa moto, herufi za Mhoja, zimekwenda upande. Mhoja mwenyewe alikuwa anachanja kuni. Aliniona, akaendelea kuchanja.

Mama alikuja kunipokea. Alikuwa amekuwa mfupi. Akakunja goti kidogo, kama wanavyokunja kwa mgeni wa serikali.

"Karibu, Mheshimiwa," akasema. "Viti vya wageni viko kule kivulini. Utaletewa maji unawe."

"Mama, mimi si Waziri tena. Wamenitoa."

"Pole, Mheshimiwa."

"Mama, ni mimi."

Akanyoosha kitambaa cha meza ya wageni, akaondoa jani lililoangukia hapo.

Chilongani, maskini, hakujua la kufanya, na mtu asiyejua la kufanya hufanya alilozoea. Alifungua buti, akalitoa jiwe, akalileta kifuani pake anahema. Nami nikalishika wazo hilo upesi, kama ninavyoshika kila wazo la kuniokoa. "Nimemletea jiwe, mama," nikasema. "La kaburi. Ni marumaru halisi."

Mama hajui kusoma. Alipitisha vidole juu ya herufi za dhahabu, polepole, zote, mpaka mwisho.

"Lina jina la nani?"

"Langu."

"Basi lirudisheni garini. Nyamizi ana jina lake."

Nikaketi kwenye kiti cha wageni. Nikaletewa maji, nikaletewa wali na nyama iliyonona kwenye sahani ya udongo yenye maua. Wengine walikula kwa mkono, wamezunguka sinia, wanasogezeana minofu. Nami nilikuwa na kijiko. Nilikula, nifanye nini? Mgeni asipokula msibani watu husema. Hakuna aliyeketi karibu nami, na si kwa chuki. Waliniachia nafasi, kwa heshima.

Ndipo nikasikia mtoto analia ndani.

"Alipona?" nikamwuliza mama alipokuja kuchukua sahani.

"Alipona. Alizaliwa pale njia panda, jua likizama. Damu ya mama yake ndiyo haikukoma."

"Anaitwa nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu nifike alinitazama usoni. Macho yake hayakuwa na hasira. Nilizitafuta hasira, nakuapia, nilizitafuta kila pembe.

"Mihayo," akasema. "Jina lilikuwa limekaa bure, Mheshimiwa. Na Nyamizi ndiye aliyelitaja. Siku ile kutwa nzima aliita. Mihayo, Mihayo, pale barabarani, kajishika tumbo, na tukamwambia nyamaza, usimalize nguvu, akasema hajaitika bado. Akaita mpaka sauti ikaisha. Halafu mtoto akatoka, akalia. Tukaona ameitika yeye."

Akachukua sahani, akaingia nayo ndani. Niliisikia ikiwekwa juu ya zile nyingine. Nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni, mkono ukiyakoroga kupima joto. Kisha sauti ya mama ikatoka mlangoni, sauti ile ya shambani, ya tangu mwanzo wa dunia, sauti ambayo kwa miaka kumi na saba sikuwa nimeisikia ikiwa na furaha hata chembe.

"Mihayo! Haya njoo, baba, njoo uoge!"

Nilijua haniiti mimi. Nilijua kabisa. Nikasimama, kijiko mkononi, nikaitika.

"Naam, mama."

Hakuna aliyegeuka.